SOMO LA LEO: Una duka mtandaoni na kazi ya mshahara California, umeugua au unajifungua. Hela ya SDI unaipataje, na kwa nini inachelewa?

Leo tunaacha picha na bei za mizigo, tuongelee hela ambayo wengi wenu mnakatwa kila mshahara na hamjui ni ya nini. Somo ni la walio California. Nyie wa Texas na Arizona someni tu, huko hakuna mfuko wa jimbo wa namna hii. Mlioko nyumbani, mtumieni ndugu yenu aliyeko huku.

Chukua slipu yako ya mshahara. Sio hesabu za duka, ile ya kazini: ghalani, hotelini, nyumba ya wazee, popote. Tafuta palipoandikwa CASDI au SDI. Mwaka 2025 walikuwa wanakata asilimia 1.2 ya mshahara. Hiyo ni bima ya jimbo kwa mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda, na inaendeshwa na EDD, idara ileile inayolipa waliopoteza ajira.

Neno linalotumika kwa Kiingereza ni la ulemavu, na hapo ndo watu wengi wanapotea. Dada ana mimba ya miezi 8 anakwambia "mimi si mlemavu, hiyo hainihusu." Inamhusu. Ukiugua, ukipasuliwa, ukivunjika mguu ukicheza mpira, ukiwa mjamzito au umejifungua, na huwezi kufanya kazi yako ya kawaida kwa siku 8 mfululizo au zaidi, unadai. Ukiumia kazini hiyo ni njia nyingine, fidia ya wafanyakazi, na unaanzia kwa mwajiri wako.

Sio msaada wala sadaka, ni bima uliyoilipia. Na uraia au karatasi zako za uhamiaji sio kigezo. Asiye na namba ya Social Security anajaza fomu ya karatasi, DE 2501, anatuma kwa posta. Wengine wote mtandaoni ni haraka zaidi.

Sasa tuje kwenye duka, maana hapa ndo pana utata.

Faida ya duka lako haihesabiwi. Kama unauza vitenge laivu na unapata dola 1,500 kwa mwezi, hela hiyo haijakatwa SDI, kwa hiyo EDD haiijui. Wanaangalia mshahara uliokatwa tu. Na anayelipwa kwa fomu ya 1099 hakatwi. Ndugu zetu wanaoendesha Uber na kupeleka chakula wako humo, kwa sababu ya ile sheria ya Prop 22 iliyopigiwa kura mwaka 2020. Ila kuna watu wanalipwa kwa 1099 na ukweli ni wafanyakazi kabisa: bosi anakupangia saa, anakupa sare, anakwambia ufanye nini. Huyo asikate tamaa. Afungue dai, aeleze jinsi anavyofanya kazi, EDD wenyewe wanachunguza kama alitakiwa kukatwa.

Kwa anayeishi kwa duka peke yake kuna mpango wa hiari wa EDD kwa waliojiajiri. Unalipa kila robo mwaka. Lazima duka liwe na faida halisi isiyopungua dola 4,600 kwa mwaka, ukiingia unakaa miaka miwili kamili ya kalenda, na huwezi kuingia ukiwa tayari mgonjwa. Malipo yanaishia wiki 39, wakati mwajiriwa anaweza kufika wiki 52. Mimi naona una maana kwa mtu ambaye duka ndo kazi yake na anaandika hesabu zake vizuri. Kama huandiki hesabu, hiyo faida ya 4,600 utaionyesha na nini?

HELA NGAPI? Tangu Januari 2025 wanalipa asilimia 70 hadi 90 ya mshahara, na wenye kipato cha chini ndo wanapata 90. Kwa hiyo dada anayelipwa dola 800 kwa wiki anategemea kama 720 kwa wiki. Lakini hawaangalii mshahara wa mwezi uliopita. Wanaangalia miezi 12 ya nyuma kidogo, na hapa nisikilize vizuri maana watu wanakosa hela kwa kutojua kalenda.

Dai likianza Januari hadi Machi, wanahesabu miezi 12 iliyoishia tarehe 30 Septemba. Likianza Aprili hadi Juni, iliyoishia 31 Desemba. Julai hadi Septemba, iliyoishia 31 Machi. Oktoba hadi Desemba, iliyoishia 30 Juni. Ndani ya hiyo miezi 12 uwe umepata angalau dola 300 zilizokatwa SDI, na kiwango chako kinapimwa kwa robo mwaka uliyolipwa zaidi.

Chukua mtu aliyeanza kazi yake ya kwanza hapa Novemba 2024. Akifungua dai la kuanzia tarehe 25 Machi 2025, wanaangalia hadi Septemba 2024. Hayupo, anapata sifuri. Dai likianza tarehe 2 Aprili, Novemba na Desemba zimeingia, ana kitu. Tofauti ni wiki moja na siku kidogo. Sisemi udanganye tarehe, tarehe lazima ikubaliane na daktari wako. Nasema kama daktari amekuruhusu kuchagua kati ya kuacha kazi mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, angalia kalenda kabla hujajibu.

KUFUNGUA DAI. Siku 7 za kwanza hazilipwi. Unafungua dai baada ya siku 9 tangu ushindwe kufanya kazi, na usivuke siku 49. Ukiwahi sana wanaweza kukurudisha, ukichelewa unaweza kupoteza hela labda uwe na sababu ya maana.

Dai lina sehemu mbili. Yako wewe, na ya daktari. Ukimaliza yako mtandaoni unapewa namba ya risiti. Hiyo namba mpelekee daktari SIKU HIYOHIYO, kwa sababu bila yeye kujaza sehemu yake, dai lako halisogei hata hatua moja. EDD hawataanza kukuhurumia. Na kwenye kliniki nyingi sio daktari anayejaza, kuna dawati la fomu, kuna foleni yao, wengine wanatoza hela kidogo ya karatasi. Kabla hujajifungua au hujapasuliwa, uliza: fomu za EDD anajaza nani hapa, na huchukua siku ngapi? Swali hilo moja linakuokolea wiki mbili.

Kwa uzazi wa kawaida usio na matatizo wanalipa hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na wiki 6 baada ya kujifungua. Kwa upasuaji wiki 8. Baada ya hapo kuna hadi wiki 8 nyingine za kukaa na mtoto, ni dai la pili, usilisahau. Baba naye anayo haki ya hizo wiki 8 za mtoto kama anakatwa SDI.

KWA NINI INACHELEWA? EDD wanasema siku 14. Watu wanahesabu kuanzia siku waliyobonyeza kutuma. Sivyo. Zinahesabiwa dai likiwa limekamilika, na la daktari likiwemo. Tupige hesabu. Umeacha kazi tarehe 3 Machi. Umefungua dai tarehe 12. Daktari kajaza tarehe 21. Siku 14 zinaishia tarehe 4 Aprili. Kodi ya nyumba ilitakiwa tarehe 1. Hapo hakuna aliyekosea, mambo yote yameenda sawa, na bado umepita mwezi mzima bila senti. Kwa hiyo akiba yako ipange kwa mwezi na nusu, sio kwa wiki mbili.

Kisha kuna barua. Barua ya kwanza kuja huwa ni DE 429D, inaonyesha kiasi chako kwa wiki. Watu wanashangilia, wanaagiza mzigo. Ile barua haisemi umekubaliwa! Inasema tu ukikubaliwa utapata kiasi gani. Isome upande mwingine, angalia mishahara waliyoandika. Ikipungua kwa sababu mwajiri mmoja hayumo, wapigie na slipu mkononi.

Sababu nyingine kubwa kwetu sisi ni majina. Kwenye kitambulisho una majina matatu, Social Security wana mawili, kazini wameandika jina la baba mbele. Kompyuta inaona watu watatu. Wanakutumia barua uthibitishe wewe ni nani, barua inakwenda anwani ya zamani, wewe uko kwa shemeji unasubiri. Anwani badilisha mapema, na jina jaza kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security.

Na wana sababu ya kukagua hivyo. Januari 2022 EDD walisimamisha madai kama 345,000 kwa mpigo, yaliyotumia majina ya madaktari kama 27,000 waliotiliwa shaka. Matapeli walikuwa wanatumia hadi majina ya madaktari halisi. Humo ndani watu wenye ugonjwa wa kweli nao walisubiri. Kwa hiyo mtu akikwambia mtandaoni "nipe dola 200 nikufungulie SDI, daktari ninaye," kimbia. Kufungua dai ni bure, na daktari awe yule anayekutibu.

Kitu kingine kinachokata hela katikati: muda alioandika daktari ukiisha, malipo yanasimama. Unatumiwa fomu DE 2525XX, daktari aongeze muda kama bado hujapona. Usisubiri hela isimame ndo uanze kutafuta miadi.

JE, NIKIWA KWENYE DAI NARUHUSIWA KUUZA? Swali hili naulizwa kuliko yote. Jibu langu: kufunga mizigo, kufanya laivu, kwenda posta, hiyo ni kazi, hata kama hakuna bosi. Kwenye fomu wanakuuliza kama umefanya kazi au umepokea malipo. Andika ukweli. Sheria inaruhusu kufanya kazi kidogo na bado ukalipwa sehemu, kama mshahara wako umepungua kwa ajili ya ugonjwa, lakini lazima useme. Ukificha wakagundua, unarudisha hela, unaongezewa faini, na unaweza kufungiwa malipo ya mbele. Na sisi tunaouza mtandaoni ni rahisi kugundulika kuliko mtu yeyote. Laivu yako ina tarehe. Umeandika mgongo haukuruhusu kunyanyua kilo 5, halafu uko hewani umebeba belo la mitumba.

Ukiweza, mkabidhi mtu duka. Mdogo wako ajibu wateja na kutuma mizigo, wewe pumzika. Na EDD waambie hivyohivyo: nina duka dogo, kwa sasa linaendeshwa na fulani, mimi sifanyi kazi. Waamue wao, na wewe andika tarehe uliyowaambia.

Kuhusu hela za duka, mimi nashauri mwezi mmoja kabla (kwa uzazi tarehe unaijua) acha kupokea oda za kulipia kabla kwa mzigo ambao haujafika. Hakuna kinachoua jina la duka kama mteja 15 waliolipa vianzio, muuzaji yuko wodini, simu imezimwa, na hela za vianzio zimelipa kodi kwa sababu EDD wamechelewa. Uza uliyo nayo mkononi, kusanya madeni, weka tangazo lenye tarehe ya kurudi.

UKIKATALIWA. Una siku 30 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, sio siku uliyoifungua. Fomu ya rufaa ni DE 1000A, inakuja na barua. Rufaa ni bure, na anayesikiliza ni jaji wa bodi ya rufaa, sio yuleyule aliyekukatalia. Andika kifupi: nini wamekosea, na ushahidi wako ni upi. Mara nyingi tatizo ni karatasi ya daktari haikufika au mshahara haukuingizwa, vitu vinavyorekebishika. Wakati unasubiri rufaa endelea kujaza fomu za kila wiki mbili ukitumiwa, ili ukishinda ulipwe za nyuma zote.

Simu yao ni 1-800-480-3287, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni za California. Kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, na ni bora kuliko kumtuma mtoto wa miaka 12 akutafsirie mambo ya kizazi chako. Kila ukipiga andika tarehe, jina la aliyekujibu na alichosema, kwenye daftari lilelile la oda.