Somo la mbolea ya takataka

Baba na mama wa vijiji vilivyo karibu na migodi, sikilizeni. Mimi ni kijana, na wengi wenu mlishika jembe kabla sijazaliwa. Sikuja kuwafundisha kulima. Nauliza neno moja tu: wakati wa jua, mnapofagia lupango na kuwasha moto, mnachoma nini?

Mnajibu: tunachoma uchafu. Angalieni vizuri uchafu ule. Ni maganda ya muhogo na ya karanga, mabua ya mahindi, majani ya maharagi, majani ya mwembe. Vyote vilitoka katika udongo. Mahindi yalinyonya nguvu ya shamba, na nguvu ile ikaingia katika bua na jani. Mkichoma, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda na moshi. Majivu yanabaki kidogo, na upepo unayachukua.

Wazee walijua dawa ya udongo uliochoka: waliuacha. Walikata miti mahali pengine, na shamba la zamani likalala miaka mingi mpaka pori likarudi. Leo utahamia wapi? Upande huu ni mgodi, upande ule ni shamba la mwenzako, na miti imekwisha kuwa makala ya kupikia mjini. Basi mama analima pale pale kila mwaka, gunzi linakuwa dogo kama kidole gumba, na unga wa bukari unanunuliwa kwa feza.

Kwa hiyo tuoze takataka, tusizichome. Katika Indore, nchi ya India, Albert Howard alijaribu kazi hii miaka mingi pamoja na wenzake, na mwaka 1931 njia yao iliandikwa katika kitabu. Haitaki mashini. Inataka jembe, kitunga na maji.

Anzeni mwezi wa 3 au wa 4, mvua ingali inanyesha na majani ya pori ni mabichi. Msingoje moto wa pori uyale. Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kisima. Pimeni metre 1 na nusu kwa upana, na urefu kama mnavyoweza. Chini wekeni mabua yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kimo cha mkono mmoja uliotandazwa. Kisha majani mabichi na maganda ya jikoni. Kisha mavi ya mbuzi au ya kuku. Kisha udongo kidogo. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa kazi hii, maana udongo wetu mwekundu una ukali, na ule wa kichuguu kikubwa una chokaa inayoupunguza. Nyunyizeni maji, anzeni tena na makavu, mpaka kilima kifike kiuno au kifua cha mtu. Kifunikeni na majani.

Chomekeni fimbo ndefu katikati. Siku ya tano itoeni, mshike ncha yake. Ikiwa na moto, kazi inakwenda. Ikiwa baridi na kavu, maji yamepungua. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosa: pindueni kilima, ongezeni makavu. Hata kikiwa kizuri, baada ya majuma matatu kipindueni, vya nje viingie ndani, na tena baada ya majuma matatu mengine. Moto ule wa ndani unaua mbegu za magugu, lakini zile za nje haziuawi. Ndiyo sababu ya kupindua, wala si kusumbua watu bure.

Mbolea iliyoiva ni nyeusi, inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua, na bua halionekani tena. Mimi mwenyewe sikungoja. Mwaka wangu wa kwanza nilitia mavi mabichi ya kuku katika mashimo ya mahindi, na miche yote ikakauka mbele ya watu niliokuwa nikiwafundisha. Walicheka siku nyingi.

Kosa lingine lilikuwa kubwa zaidi. Niliomba kijiji kizima kilete takataka mahali pamoja. Hakuna aliyeleta. Mzee mmoja akaniita kando: «Mwanangu, nani atampa mgeni nywele zake na mifupa aliyokula?» Niliona kwamba ana haki. Tangu siku ile nasema: kila nyumba na kilima chake, ndani ya lupango lake.

Sasa neno la kuogopwa. Si kila takataka inaoza. Chupa, plastiki, vyuma, mawe ya taa ya mkononi na majivu yake, mafuta ya mashini, mifuko ya mgodini: vitu hivi visiingie kamwe. Jua wala moto wa kilima hauondoi risasi wala shaba. Vinaingia katika mboga, na mboga inaingia katika mtoto. Huko Lubumbashi tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake uliacha madini katika udongo wa upande wa kaskazini-magharibi mpaka miti ikafa. Basi msichukue udongo wala majani karibu na tanuru, wala penye maji ya mgodi. Mkiona mahali hapana miti, pameota tu majani madogo yenye maua ya zambarau yanayopenda shaba, pitieni mbali na kitunga chenu.

Mvua zikianza, tieni konzi mbili za mbolea katika kila shimo la mahindi, mchanganye na udongo, ndipo mbegu. Kama mbolea ni kidogo, lengalenga na mboga za karibu na nyumba zipewe kwanza. Lakini acheni mstari mmoja wa mahindi bila mbolea. Siku ya kuvuna, mama ajaze kitunga kutoka mstari huu na kitunga kutoka mstari ule, aviweke mbele ya mume wake.