Moshi wa Mwenzio: Somo kwa Akaaye Ugenini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi bila ya bei. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu msomaji, somo letu hili ni juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni moshi wa tumbaku uingiao kifuani mwa mtu asiyevuta. Twaliandika hasa kwa ajili ya vijana wetu wa Chumbi, na vijiji vya Rufiji na Kibiti, watokao kwenda ng'ambo kutafuta riziki. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, mto hauwazuii tena kama ulivyowazuia baba zao. Asubuhi mtu yuko Chumbi, jioni yuko Dar es Salaam, na baada ya siku chache huenda yuko Maskati, au Dubai, au Doha, na wengine hufika mpaka London. Aondokapo, mama yake humwusia sala, na baba yake humwusia uaminifu. Ni wachache waliousiwa juu ya pumzi zao.

Kijana huyo afikapo hupokewa na mtu wa nchi yake, akapewa kitanda katika chumba cha watu 4, au 6, au 8. Nje jua ni kali, basi dirisha limefungwa na mashine ya kupoza hewa yanguruma ukutani. Watu warudipo kazini, mmoja huwasha sigara, na mwingine hutengeneza shisha, yaani kiko cha maji. Mgeni wetu hukohoa, macho yakamwasha, akajifunika uso kwa shuka. Hasemi neno, kwani mwenye sigara ndiye aliyempokea, tena ni mkubwa wake kwa umri. Huiambia nafsi yake, "Hii ndiyo subira."

Suala letu basi ni hili: je, kimya hicho ni subira kweli, au sicho?

1. MOSHI WENYEWE

Huenda kijana wa Rufiji akasema: "Mimi nimekulia moshini. Nimelala katika dungu nikilinda mpunga, na moto ukiwaka wa kufukuza mbu. Moshi wa sigara utanifanya nini?" Jawabu lake ni kwamba hata moshi ule wa dungu haukuwa na kheri kifuani, lakini dungu liko juu, na upepo wapita, na moshi huchukuliwa. Chumba cha ugenini hakina upepo. Tena jua ya kuwa kiyoyozi cha ukutani, kwa kawaida, hakileti hewa mpya kutoka nje. Huvuta hewa iliyomo chumbani, huipoza, kisha huirudisha mle mle. Moshi wa mtu mmoja, basi, hugawiwa watu wote waliolala.

Na moshi wa sigara ni wa namna mbili. Kuna ule autoao mvutaji kinywani mwake, na kuna ule utokao kwenye ncha ya sigara iwakayo, usiopita katika kichujio chochote. Huu wa pili ndio mwingi zaidi katika hewa ya chumba, nao ni mchafu zaidi. Wataalamu wamehesabu ndani ya moshi wa tumbaku vitu zaidi ya 7,000, na vipatavyo 70 katika hivyo vyajulikana kuwa huleta saratani. Mna na hewa ya sumu iitwayo karboni monoksidi, ndiyo ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa; hushika katika damu mahali pa hewa njema, moyo ukataabika.

Mwaka 1981 tabibu wa Japani, Takeshi Hirayama, alitoa khabari za wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta, aliowafuatia kwa miaka 14. Aliwaona wale ambao waume zao ni wavutaji sana wakifa kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawavuti. Wanawake hao hawakutia sigara mdomoni. Waliishi nayo nyumba moja tu. Watu wengi walibishana naye, lakini uchunguzi uliofuata ulimsadikisha. Mwaka 2006 tabibu mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti ya kwamba asiyevuta akaaye na moshi nyumbani au kazini, hatari yake ya maradhi ya moyo huzidi kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Na ya kwamba hakuna kiasi cha moshi huo kisichokuwa na hatari. Na Shirika la Afya Duniani lasema kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 katika hao ni watu wasiovuta.

Ama shisha, wengi hudhani ya kuwa maji huusafisha moshi. Sivyo. Shirika hilo hilo lilionya mwaka 2005 kwamba mtu akaaye na shisha kikao kimoja huweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Tena juu yake mna mkaa uwakao, nao hutoa sumu yake mbali na ile ya tumbaku. Harufu ya matunda isikudanganye, kwani sumu iliyotiwa asali ni sumu.

2. HUKUMU YAKE

Tumbaku haikujulikana zama za Mtume (S.A.W.). Ilitoka bara la Amerika, baada ya mwaka 1492, ikafika miji ya Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra. Wanavyuoni wakakhitilafiana. Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri, aliyefariki mwaka 1041 wa Hijra, aliikataza. Na Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Sham, aliyefariki mwaka 1143, aliihalalisha. Wakati ule elimu ya utabibu ilikuwa haijadhihirisha madhara yake kama ilivyodhihirisha leo. Ilipodhihirika, wengi waliharimisha, kama walivyofanya wanavyuoni wa Malaysia mwaka 1995.

Lakini tazama kwa makini walilolipitisha wanavyuoni wa Indonesia walipokutana mwaka 2009. Juu ya mtu kuvuta peke yake walibaki na khitilafu, baadhi wakasema ni haramu na baadhi wakasema ni makuruhu. Ama kuvuta mbele za watu hadharani, na kuvuta kwa watoto na kwa wanawake wenye mimba, hayo waliyaharimisha. Kwa hiyo, hata pale waliposhindwa kukubaliana juu ya kifua cha mvutaji, walikubaliana juu ya kifua cha jirani yake.

Na asili ya jambo hili twaijua sote. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kudhuru na kulipizana madhara. Tena aliyekula kitunguu au thumu alimwamrisha akae mbali na msikiti, asiwaudhi watu na malaika kwa harufu yake. Kitunguu ni chakula cha halali, na madhara yake ni harufu tu. Basi wasemaje juu ya kitu kiudhicho kwa harufu na kuua kwa sumu?

3. HAYA NA SUBIRA

Wazee wamesema, ukienda mji wa wenye chongo, vunja lako jicho. Mithali hii ni njema katika mambo ya ada, kama vile chakula na mavazi na maamkizi. Haikusudii mtu avunje jicho kweli, wala aharibu pafu lake ili awaridhishe wenyeji.

Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopigia kura nafasi zao ndani ya chombo, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini, kila watakapo maji huwapitia wa juu. Wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwaudhi wenzao. Mtume akabainisha kwamba wa juu wakiwaachia watazama wote, na wakiwashika mikono wataokoka wote. Sisi watu wa delta twaufahamu mfano huu kuliko watu wa bara. Hakuna mtu ndani ya dau awezaye kusema, "Tundu hili liko chini ya makalio yangu, lakuhusu nini?" Na chumba cha vitanda 6 ni chombo kimoja, na hewa yake ni moja. Asemaye, "Navuta kitandani kwangu," amesema neno la yule mtoboaji.

Basi jawabu la suala letu ni hili. Subira ni kwa jambo lisilokuwa na mlango. Likiwa na mlango, subira ni kuuendea mlango huo kwa adabu. Anyamazaye na mlango upo hakusubiri, bali ameona haya; na haya ikiwa yamtia mtu katika maangamizo si haya ya kusifiwa. Kifua chako ni amana ya Mwenyezi Mungu. Tena kumbuka ni nani walao kwa kifua hicho: mama yako Chumbi, na wadogo zako walio shuleni. Ukirudi nacho kibovu, ile fedha uliyowapelekea wataimaliza kwa kukutibu.

4. NJIA YA KUUONDOA

Kwanza, uliza kabla ya kulipa. Siku upewapo chumba, uliza kama hao wakaao humo huvuta ndani. Neno moja siku ya kwanza ni jepesi kuliko maneno mia baada ya mwaka.

Pili, sema, lakini chagua wakati. Usiseme mbele ya watu, wala usiseme sigara iko mkononi mwake. Mwendee baada ya sala au baada ya chakula, umwambie: "Shikamoo mzee wangu. Wewe ndiwe uliyenipokea nilipokuwa sina pa kuweka sanduku langu, na wema huo siusahau. Nina neno moja la kukuomba. Kifua changu chanisumbua kwa moshi, usiku silali. Nakuomba unisaidie, uvutapo uvute nje." Mtu mzima aombwaye hivi ni nadra kukasirika, na wengi walikuwa hawajui hata kama wanadhuru.

Tatu, omba jambo lenye kufaa, nalo ni moja: kuvuta nje, mlango umefungwa. Dirishani hakufai, wala chooni hakufai, kwani moshi hupita chini ya mlango. Wala asivute chumbani wewe ukiwa kazini, kwa sababu sumu yake hukaa katika magodoro na mapazia na nguo.

Nne, usidanganywe na dawa zisizo dawa. Feni huusambaza moshi. Manukato huifunika harufu. Udi na ubani ni vitu vizuri kwa mahali pake, lakini huondoa harufu na kuiacha sumu, tena huongeza moshi juu ya moshi.

Tano, ijue sheria ya nchi uliyomo. Mkataba wa dunia wa kuzuia tumbaku, ulioanza kazi mwaka 2005, umekubaliwa na Tanzania na nchi zote za Ghuba. Falme za Kiarabu zina sheria yake ya mwaka 2009, Qatar ina ya mwaka 2016, na Uingereza, upande wa England, ilipiga marufuku kuvuta ndani ya mahali pa kazi na pa watu wote tangu 1 Julai 2007. Kazini, basi, una haki ya kumwendea msimamizi. Ama katika chumba cha kulala sheria mara nyingi haifiki, na hapo wategemea mapatano na adabu.

Sita, ikiwa umesema na hukusikiwa, badili kitanda; ikishindikana, badili chumba, hata kama kodi itazidi kidogo. Hiyo si fedha iliyopotea.

Saba, usiondoe madhara kwa madhara mfano wake. Hii ni kanuni ya mafakihi wetu. Mwenye kuvunja shisha ya mwenzake, au kumtukana, amefungua fitina, na fitina ugenini huweza kumtoa mtu katika kazi na katika nchi. Mvutaji ni mtu aliyefungwa. Wengi wao walitaka kuacha, tumbaku ikawashinda. Mwombee dua, umsaidie siku atakapojaribu kuacha.

Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, mwone tabibu, usiseme ni moshi tu. Kwani katika vyumba vya watu wengi mna na kifua kikuu.

5. NA NYUMBANI KWAKO

Limebaki neno moja. Kijana aliyedai haki ya pumzi zake ugenini, arudipo Chumbi asiisahau haki ya wengine. Mtoto mchanga hana ulimi wa kusema, "Baba, vuta nje," na pafu lake ni dogo; moshi humletea pumu na kichomi na maradhi ya masikio. England imekataza tangu 1 Oktoba 2015 kuvuta ndani ya gari lenye mtu wa chini ya miaka 18. Sisi twangoja sheria gani kumhurumia mwana aliye mapajani?

Tena mtazame mkeo jikoni, macho mekundu, akipuliza kuni katika kibanda kisicho na dirisha. Shirika la Afya Duniani lilikisia kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wengi wapatao dhara hilo ni wanawake na watoto. Hao nao wananyamaza, wakidhani ni subira. Basi katika fedha uletayo, tenga ya dirisha, na ya jiko lisilotoa moshi mwingi, kabla ya kutenga ya redio na ya viti.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarudishe na vifua vyao vizima, na atujaalie tuwe watu ambao jirani zao husalimika nao. Amin.