JUMATATU DAWA, WIKI YA PILI VIPELE: SOMO KUHUSU MZIO UNAOCHELEWA

Ndugu msomaji, ukiumwa na siafu unajua papo hapo kwamba ni siafu. Ukipita kwenye upupu kule vichakani, huhitaji mwalimu wa kukueleza ni nini kinachokuwasha. Lakini yako mambo ambayo hutenda kazi leo na kuonekana baada ya siku nane au kumi. Hapo ndipo binadamu hushindwa kumjua adui wake, akamshika asiye na hatia na kumwacha mkosaji aende zake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa bweni anaumwa na koo. Anapewa tembe za amoksisilini za siku saba. Siku ya tatu koo limepoa, na siku ya saba dawa zimekwisha. Siku ya nane anaamka na vipele vyekundu kifua kizima na mgongoni. Wenzake wanaketi kitandani kutoa hukumu. Huyu anasema ni maembe, yule anasema ni maharagwe ya shule, mwingine anasema ni joto letu hili la Siakago, na hakosi mmoja wa kunong'ona kwamba kuna jicho baya. Dawa haishtakiwi kamwe. Itashtakiwaje, na ndiyo iliyomponya koo?

Kosa hilo si dogo. Mwaka ujao koo litamuuma tena, naye atapewa dawa ile ile bila kuuliza wala kuulizwa. Somo letu la leo ni juu ya jambo hilo: mzio wa ngozi unaochelewa.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Mzio ni hali ya mwili kupigana na kitu ambacho kwa watu wengine hakina ubaya wowote. Kwa lugha ya mtaani tunasema aleji. Viuavijasumu ni dawa zinazoua bakteria au kuzizuia kuongezeka. Wengi wetu huziita antibiotiki. Penisilini, amoksisilini na kotrimoksazoli (ile inayojulikana sana kwa jina la Septrin) zote zimo katika kundi hili. Malengelenge ni uvimbe wa ngozi wenye maji ndani, kama ule unaotokea mtu akiungua kwa uji moto.

MZIO WA HARAKA NA MZIO WA POLEPOLE

Mzio wa haraka huja baada ya dakika chache, au saa moja hivi, tangu mtu ameze dawa au adungwe sindano. Hutokea vivimbe vinavyowasha na kuhamahama, midomo huvimba, kifua hubana, na mtu anaweza kuanguka. Huu hauna mjadala. Kila aliyepo huona na kukimbiza mgonjwa hospitalini.

Mzio unaochelewa hauna haraka. Mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya nne na siku ya kumi na nne tangu dawa ianze kutumiwa, na pengine hata baadaye. Huweza kutokea mtu akiwa bado anameza dawa, au siku chache baada ya kuimaliza. Ndiyo maana wengi hawaunganishi mambo haya mawili.

KWA NINI HUCHELEWA?

Ndani ya damu yetu mna chembechembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Miongoni mwake zimo zinazoitwa seli T. Kila seli T hutambua adui wa aina moja tu. Dawa yenyewe ni kitu kidogo mno, lakini ikishikamana na protini za mwili huweza kuzifanya zionekane ngeni. Basi seli T inayohusika hupata habari, huanza kugawanyika na kuongezeka, na jeshi hilo husafiri hadi kwenye ngozi. Kuandaa jeshi huchukua siku, hakuchukui dakika. Kufikia wakati linaposhambulia, tembe za mwisho huenda zilikwisha kumezwa zamani.

Hapa pana jambo la kukumbuka sana. Vita vikiisha, baadhi ya askari hao hubaki wakiwa na kumbukumbu. Siku dawa ile ikirudi mwilini, hawahitaji tena kufunzwa. Vipele vilivyochukua siku nane mara ya kwanza vinaweza kutokea baada ya siku moja au mbili tu mara ya pili, na huenda vikawa vikali zaidi. Kwa hivyo usiseme, "Nilishawahi kuitumia na sikufa." Pengine ile mara ya kwanza ndiyo iliyowafunza askari.

SURA TATU ZA VIPELE

Sura ya kwanza hufanana na ukambi. Vipele vidogo vyekundu huanza kifuani na mgongoni, kisha huenea mikononi na miguuni. Huwasha, lakini mgonjwa anakula, anacheka na anatembea. Hii ndiyo inayoonekana zaidi, na kwa kawaida hupoa yenyewe baada ya wiki moja au mbili.

Sura ya pili ni doa la mahali pamoja. Doa la mviringo hutokea, tuseme kwenye mdomo au mkono, likawa jekundu kisha likabaki jeusi. Mtu akimeza dawa ile tena, doa huwaka pale pale lilipokuwa. Dawa za jamii ya salfa, Septrin ikiwemo, zinajulikana sana kwa tabia hii. Ni kama ngozi imeweka alama kwenye daftari lake yenyewe.

Sura ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, walieleza habari za watoto wawili waliokuwa na homa, macho mekundu yaliyovimba, vidonda mdomoni na vipele mwili mzima. Hadi leo ugonjwa huo unaitwa kwa majina yao. Mwaka 1956 daktari Alan Lyell wa Uingereza akaeleza hali kali zaidi, ambapo ngozi hubambuka kama ya mtu aliyeungua kwa maji moto. Leo tunajua kwamba hali hizi mbili ni ndugu, na kwamba mara nyingi chanzo chake ni dawa. Hutokea kwa nadra sana, lakini zinaua, na wanaopona huweza kubaki na matatizo ya macho.

FUNZO KUTOKA NAIROBI

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Hapa petu Kenya yako tukio ambalo lilibadilisha matibabu.

Tangu miaka ya 1960, wagonjwa wa kifua kikuu katika Afrika Mashariki walikuwa wakipewa dawa iitwayo thiasetazoni pamoja na dawa nyingine. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei, na nchi maskini ziliweza kuimudu. Ilijulikana kwamba huwatoa baadhi ya watu vipele, lakini wengi waliitumia wakapona.

Kisha ukaja UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Virusi hivyo vikileta kifua kikuu nyuma yake, wagonjwa wa magonjwa yote mawili wakaongezeka. Wakapewa thiasetazoni kama wenzao, na baada ya siku au wiki kadhaa wengine wakatoka vipele, vidonda vya mdomo, hata ngozi ikabambuka.

Mtu angeweza kusema ni UKIMWI wenyewe, kwani nao huleta vipele. Lakini watafiti waliokuwa Nairobi hawakuridhika na kusema tu. Walikaa chini wakahesabu: nani alipewa dawa gani, nani alitoka vipele, nani ana virusi na nani hana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Kati ya wagonjwa wenye virusi, takriban mmoja kwa kila watano alipata mzio wa ngozi. Kati ya wasio na virusi, alikuwa takriban mmoja kwa kila mia. Baadhi ya waliobambuka ngozi walifariki.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mwenye virusi vya UKIMWI asipewe thiasetazoni, na mahali pake ikachukuliwa na dawa nyingine, hasa ethambutoli, ingawa ilikuwa ghali zaidi. Hakuna aliyegundua mashine mpya. Watu waliandika jina la dawa na siku ya vipele kwenye karatasi moja, kisha wakatazama. Kalamu iliokoa maisha.

LAKINI SI KILA KIPELE NI MZIO

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tukishajua habari hizi, tusije tukaogopa kila dawa. Maradhi mengi ya virusi huleta vipele yenyewe, hasa kwa watoto. Mtoto akiwa na maradhi hayo na akapewa amoksisilini isiyohitajika, akitoka vipele dawa husingiziwa. Huko Marekani, takriban mtu mmoja kwa kila kumi huandikwa kuwa ana mzio wa penisilini. Wakipimwa vizuri, wengi mno kati yao hupatikana hawana.

Kusingizia dawa nako kuna hasara. Mtu hunyimwa dawa nzuri na ya bei nafuu, akapewa nyingine iliyo ghali au isiyomfaa sana. Kwa hiyo tunachohitaji ni habari kamili. Uoga pekee hausaidii.

Sikiliza mazungumzo haya ambayo yanaweza kutokea katika duka lolote la dawa:

MUUZA DAWA: Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?
MAMA: Ndio mwanangu. Ile nyeupe.
MUUZA DAWA: Nyeupe gani, mama?
MAMA: Ile kubwa kubwa, ina mstari katikati.
MUUZA DAWA: Mama yangu, nyeupe zenye mstari ni nusu ya duka hili!

Tunacheka, lakini mama huyu hana kosa. Hakuna aliyemwandikia jina.

LA KUFANYA

1. Uliza jina la dawa kila unapopewa, na uliandike pamoja na tarehe. Pakiti usiitupe kabla ya kunakili jina.

2. Ukitoka vipele, hesabu nyuma. Usihesabu ulichokula jana tu. Hesabu dawa zote za mwezi mzima, hata zile ulizonunua dukani bila kuandikiwa, na hata miti shamba.

3. Vipele vya kawaida vikitokea ukiwa bado unatumia dawa, rudi kwa aliyekutibu siku hiyo hiyo, ikiwezekana kabla ya kumeza tembe inayofuata. Wanaotumia dawa za kifua kikuu au za UKIMWI wasijiamulie wenyewe nyumbani. Kliniki ndiyo itakayowaelekeza.

4. Ukiona dalili hizi, acha dawa na ukimbilie hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku: homa pamoja na vipele, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, uso kuvimba, ngozi inayouma kuliko kuwasha, malengelenge, au ngozi kubambuka. Usitumbue malengelenge, wala usipake dawa ya meno au majani.

5. Ukiambiwa ni mzio, omba uandikiwe jina la dawa na aina ya vipele. Wahudumu wa afya nchini wana fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu ya kuripoti madhara ya dawa. Mwombe akuripotie, huenda vipele vyako vikawasaidia wengine, kama ilivyokuwa Nairobi.

6. Usimpe mwenzako tembe zako zilizobaki, na usipokee zake. Hujui askari wake walifunzwa nini.

Sisi wanafunzi tuna kazi ya pekee hapa. Katika nyumba nyingi za Mbeere, sisi ndio tunaosomea wazee wetu karatasi za hospitali. Likizo hii, chukua daftari, keti na nyanya yako au babu yako, na umuulize kwa heshima: "Nyanya, kuna dawa iliwahi kukutoa vipele? Ilikuwa ya ugonjwa gani? Ulitibiwa wapi?" Andika anavyosema, kisha ukienda naye kliniki, mpe daktari daftari hilo. Huenda atalijua jina la ile nyeupe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na asiyeandika ni nduguye.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Eleza tofauti mbili kati ya mzio wa haraka na mzio unaochelewa.
(b) Kwa nini vipele huja upesi zaidi dawa inaporudiwa?
(c) Taja dalili nne zinazomtaka mgonjwa akimbilie hospitali.
(d) Watafiti wa Nairobi walijuaje kwamba thiasetazoni ndiyo iliyoleta vipele?
(e) "Kusingizia dawa nako kuna hasara." Jadili.