Somo: Mtandao wa Ofisi Ukikatika-katika

Ofisi nyingi ndogo za hapa Kibera siku hizi kazi zao hupitia kwa intaneti. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, watu wanakuja kusaidiwa kujiandikisha. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni wengine huja kujaza fomu za KRA. Mtandao ukikatika katikati, fomu inaanzwa upya, na mama aliyeacha kibanda chake cha mboga anarudi bila kuandikishwa.

Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia kununua ruta mpya. Ngoja kwanza! Kutoka kwa kompyuta yako hadi intaneti kuna safari mbili. Ya kwanza ni kompyuta hadi ruta, kwa mawimbi ya hewani. Ya pili ni ruta hadi kwa kampuni inayowauzia mtandao, kwa faiba au antena. Ikiwa ubovu uko kwa safari ya pili, ruta mpya ni pesa ya kikundi imepotea bure.

Kipimo ni hiki. Chukua waya wa mtandao, unganisha kompyuta moja na ruta, kisha uzime waifai ya kompyuta hiyo. Fanyeni kazi siku nzima. Aliye kwa waya akiendelea sawa na wenzake wanakatika, ubovu uko hewani. Mkikatika wote pamoja, angalia ruta yenyewe, stima, au laini inayoingia.

Kompyuta ya Windows inaweza kukuonyesha zaidi. Fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, halafu uandike ping na namba ya ruta, ambayo mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini yake (kwa mfano 192.168.1.1). Kisha ujaribu ping 8.8.8.8, mashine ya Google. Ruta ikijibu na Google ikinyamaza, ipigie kampuni simu. Zote mbili zikijibu lakini ukurasa mmoja tu wa serikali haufunguki, wenyewe huenda wamelemewa, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Sasa tuseme ubovu uko hewani. Kwetu mshukiwa wa kwanza ni mabati. Mawimbi ya waifai hayapenyi chuma, yanagonga na kurudi. Ruta ikiwa chumba hiki na kompyuta chumba kile, katikati ukuta wa mabati, kinachokufikia ni kile kilichopita mlangoni tu. Mlango ukifungwa, mtandao umekwenda! Ndiyo maana mtandao wa jamii wa TunapandaNET, ulioanzia hapa Kibera, hupitisha mawimbi juu ya paa, antena ikitazama antena. Wewe toboa tundu dogo, pitisha waya hadi chumba cha pili. Mitungi ya maji pia isikae mbele ya ruta, kwa sababu maji humeza mawimbi.

Halafu kuna majirani. Ploti moja inaweza kuwa na ruta kumi, zote zikipiga kelele kwenye masafa ya 2.4. Huko chaneli tatu tu ndizo hazigongani: 1, 6 na 11. Chagua yenye watu wachache. Ruta ikiwa na masafa ya 5, yatumie kwa kompyuta zilizo karibu. Na neno la siri lililobandikwa ukutani mwaka mzima, jamani, linajulikana hadi kwa kinyozi. Libadilishe.

Stima nayo usiisahau. Fundi wa kuchomelea akianza kazi, umeme hushuka na ruta hujizima na kujiwasha. Betri ndogo ya ruta huzuia hilo. Chini ya mabati saa saba mchana ruta hupata joto kali pia, kwa hivyo iteremshe kutoka dari.

Kazi ya juma hili: wekeni daftari kando ya ruta. Kila mtandao ukikatika, andikeni saa, nani alikuwa kwa waya, taa gani ilizimika, na kama stima ilikuwepo. Baada ya siku tatu mpigie mwenye laini ukiwa na daftari mkononi, umsomee saa moja baada ya nyingine.