Mazungumzo Juu ya Ulevi, Hatia na Bima ya Gari

Mazungumzo haya ni kati ya kijana wa Dutumi, aliyepata leseni na kutaka kuendesha gari kati ya kata yake, Mlandizi na Barabara ya Morogoro, na mzee wa hapo aliyewahi kuwa wakala wa bima.

KIJANA: Shikamoo, babu. Je, dereva aliyetiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa hupandishiwa bei ya bima?

MZEE: Marahaba, mjukuu. Kwanza ieleweke hatia yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha kilevi kinapozidi miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu, na haibagui tembo la mnazi na bia ya chupa, kwa kuwa kinachopimwa ni kile kilichomo mwilini. Mahakama ikimwona dereva ana hatia, pamoja na adhabu nyingine yaweza kumzuia kuendesha kwa muda.

KIJANA: Na bei ya bima?

MZEE: Hutegemea aina. Bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, hufidia madhara anayopata mtu wa tatu, yaani mtu asiyekuwamo katika mkataba wa kampuni na mwenye gari, kama vile mpita njia aliyegongwa. Kwa gari dogo la binafsi, kiwango chake cha chini kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 100,000, na kodi ya asilimia 18 ikiongezwa hufika 118,000. Hapo kwa kawaida mwenye hatia na asiye nayo hulipa sawa. Bima kubwa, inayofidia pia gari lenyewe, hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari: ikiwa ni asilimia 3.5, gari la shilingi milioni 20 hulipiwa 700,000 kabla ya kodi.

KIJANA: Basi kwa bima ndogo hatia haina gharama?

MZEE: Gharama ipo, na huja siku ya ajali. Mikataba ya bima huwa na sharti kwamba kampuni haitafidia hasara iliyotokea dereva akiwa amelewa. Mwenye bima kubwa aliyelipa ada yake yote hujikuta akitengeneza gari kwa fedha zake mwenyewe. Aliyeumizwa hulindwa na sheria, kwa hiyo kampuni yaweza kulazimika kumlipa. Lakini baadaye yaweza kumgeukia mteja wake na kumdai ilichotoa, deni ambalo huweza kumaliza shamba na nyumba.

KIJANA: Na anapoomba bima mpya?

MZEE: Fomu ya maombi ya bima kubwa huuliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani kwa makosa ya barabarani. Bima husimama juu ya kanuni ya uaminifu kamili, yaani mwombaji hudhihirisha kila jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni. Akisema kweli, kampuni yaweza kuongeza ada, au kuongeza sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe kabla ya kulipwa, au kumkataa. Akificha na ikagundulika, mkataba waweza kubatilishwa hata kama ajali inayodaiwa fidia haikuhusu ulevi.

KIJANA: Nchi nyingine hufanyaje?

MZEE: Huko hatia huonekana wazi katika ada. Uingereza, kampuni ikiuliza, dereva hutakiwa kuitaja hatia hiyo kwa miaka 5, na ada yake hupanda sana. Katika majimbo mengi ya Marekani hutakiwa hati iitwayo SR-22, ambayo kampuni huipelekea serikali kuthibitisha kwamba dereva ana bima, mara nyingi kwa miaka 3.

KIJANA: Aliyekwisha kutiwa hatiani afanye nini?

MZEE: Aseme kweli katika fomu, asome masharti yote kabla ya kutia sahihi, na asiendeshe katika muda aliozuiwa, kwani bima huhitaji dereva mwenye leseni halali. Akiona ameonewa, apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kwa yule ambaye hajaanguka katika kosa hili, nasaha ni moja: akinywa, ampe mwingine ufunguo au alale alipo, kwa maana hakuna ada, ndogo wala kubwa, inayomrudisha aliyekufa barabarani.