Kuupima Msumeno Ukate Mraba

Wenzangu wa karakana, mshale kusimama kwenye sifuri si ushahidi kwamba msumeno wa umeme wa kuvuta unakata mraba. Mimi huuamini ubao. Twaa ubao mpana wenye pande sambamba, ukate katikati. Kipande kimoja kipindue, uso wa juu uwe chini, uvikutanishe tena palipokatwa, vyote vimeegemea rula iliyonyooka. Ukiona mwanya wa milimita 1, kosa ni nusu yake, maana kupindua hulizidisha mara mbili. Ubao usio mpana hulificha.

Basi chomoa waya wa umeme, legeza bolti za ukingo wa kuegemezea, weka guniya kwenye bapa, si kwenye meno (yametokeza kando, yatakudanganya), kaza, ukate tena. Sisi tulirudia mara tatu kabla ya kuigusa miguu ya madawati ya Kidato cha Kwanza.