Kabla Hujanunua Twita Nyingine

Barua ya leo imetoka kwa mdogo wetu anayejifunza ufundi wa redio. Amejibana miezi kadhaa mpaka akapata wufa mbili za sauti nzito, za inchi sita na nusu, na twita mbili za sauti nyembamba, akachonga maboksi kwa mikono yake, kisha akanunua vibao viwili vya krosova vilivyokwisha kutengenezwa. Vimeandikwa omu 8, hezi 3000. Ameunganisha kila kitu na sasa analalamika: “Dada, besi ni hafifu, mwimbaji wa kike anasikika kama yuko ndani ya ndoo, na twita zinachoma masikio. Je, nitafute twita za bei zaidi?”

Hapana, mdogo wangu. Hela hiyo iweke kwanza, tukae tuongee.

Krosova ya aina yako hukaa kati ya amplifaya na spika, na haihitaji umeme wake yenyewe. Kazi yake ni kugawa sauti. Koili hupitisha sauti nzito na kuzuia nyembamba, kwa hiyo huwekwa kwenye njia ya wufa. Kapasita hufanya kinyume chake, kwa hiyo huilinda twita. Hesabu ya mwanzo ni fupi. Kwa kapasita, gawanya 1 kwa zao la 2, 3.14, masafa unayotaka kukata, na omu za spika. Kwa hezi 3000 na omu 8 unapata mikrofaradi 6.6 hivi. Kwa koili, chukua omu uzigawe kwa zao la 2, 3.14 na masafa. Inatoka milihenri 0.42. Ukitumia kapasita moja na koili moja tu, kila upande unashuka desibeli 6 kwa kila okteva, yaani kila masafa yanapoongezeka au kupungua mara mbili.

Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kasoro iko kwenye ile 8.

Chukua mita yako uguse vichwa vya wufa. Utaona kama 6, pengine chini kidogo. Huo ni ukinzani wa waya mtupu. Muziki ukianza kupita, namba hiyo inabadilika kila sauti inapobadilika: inapanda sana kule chini koni inapopata mtetemo wake wa asili, inashuka, halafu inapanda tena kadiri unavyokwenda juu, kwa sababu waya wa ndani ya spika nao ni koili. Kwenye hezi 3000 wufa ya “omu 8” inaweza kuwa na 12 au zaidi. Koili iliyokokotolewa kwa 8 haina nguvu ya kukata hapo. Wufa inaendelea kuimba mahali ulipotaka inyamaze, inagongana na twita, na yule mwimbaji anaingia kwenye ndoo.

Aliyetengeneza kibao chako hakuijua wufa yako wala boksi lako. Ni sawa na gauni lililoshonwa bila mtu kupimwa: litakutosha kwa bahati tu.

Mafundi wana njia ya kuituliza wufa. Wanaweka rezista na kapasita zilizofuatana, kisha jozi hiyo inaungwa sambamba na vichwa vya wufa. Kama wufa ina omu 6 kwenye mita na karatasi ya kiwandani inasema koili yake ni milihenri 0.5, anza na rezista ya omu 7.5 na kapasita ya mikrofaradi 14 au 15. Namba inanyooka, na koili ya krosova inaanza kutii.

Sasa nije kwenye besi hafifu, maana hili wanaoanza hawaambiwi na linawavunja moyo. Sauti nyembamba ikitoka kwenye koni inagonga uso wa boksi na kuja yote mbele kwako. Sauti nzito ina mawimbi marefu kuliko upana wa boksi, kwa hiyo inazunguka nyuma na kutawanyika chumbani. Mbele ya boksi jembamba, sauti za chini zinaweza kupungua hadi desibeli 6 zikilinganishwa na za katikati. Wufa yako ni nzima kabisa, mdogo wangu. Boksi ndilo linalogawa hivyo. Ndiyo maana ukifungua spika iliyobuniwa kwa uangalifu utakuta koili ya wufa ni kubwa, mara nyingi milihenri 1 hadi 2, si ile 0.42 ya hesabu. Mbunifu ameipunguza sauti ya katikati makusudi ili besi ipate nafasi.

Twita zinazochoma zina sababu ya karibu. Umeniandikia wufa ni desibeli 87 na twita 92. Twita inapiga kelele kuliko mwenzake, na wufa ikishasawazishwa kama nilivyoeleza, pengo linazidi. Weka rezista mbili: ya omu 4 kwenye njia ya kwenda twita, na ya omu 8 sambamba na twita yenyewe. Kwa twita ya omu 8, hiyo inashusha desibeli 6, na krosova bado inaona omu 8. Tumia zile nyeupe za saruji za wati 10. Zinapata joto, basi zisiguse pamba wala waya.

Twita yangu ya kwanza ilifia mikononi mwangu. Nilikuwa na haraka ya kuisikia, nikaiunga moja kwa moja na amplifaya. Waya wa ndani ya twita ni mwembamba, haubebi besi hata kidogo. Nililia, kwa sababu pesa ile niliikusanya kwa shida. Kwa hiyo nakuomba: hata unapojaribu tu, kapasita itangulie mbele ya twita. Angalia pia mtetemo wake wa asili kwenye karatasi. Ukisomeka hezi 1000, usikate chini ya 2000, na kama unatumia kapasita peke yake, nenda juu zaidi.

Usichomoe kapasita za kwenye pawa ya redio mbovu, zile za mduara zenye mstari wa hasi. Umeme wa spika unageuka mbele na nyuma, na zile zinataka upande mmoja. Tafuta zilizoandikwa NP au BP, au za plastiki. Koili ya wufa iwe ya waya mnene wa shaba, la sivyo inakula besi yako. Usizipange koili mbili zikilala bega kwa bega, maana zitaambukizana. Moja ilale, nyingine isimame, shubiri moja kati yao, na uzifunge kwa kamba za plastiki badala ya skrubu ya chuma.

Kuna mkao unaopendwa sana, wenye koili na kapasita kila upande, unaokata desibeli 12 kwa okteva. Umebeba majina ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, waliokuwa wahandisi wa Hewlett-Packard kule Marekani. Linkwitz aliuchapisha mwaka 1976. Wanaoanza wananaswa hapa: kwenye mkao huu, nyaya za twita hugeuzwa, chanya kwenye hasi. Usipogeuza, spika mbili zinavutana kinyume pale zinapokutana na sauti inapata shimo. Kabla ya hapo hakikisha alama za wufa ni za kweli. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Koni itatoka nje. Twita usiifanyie hivyo.

Ningekuwa wewe, mradi wa kwanza kabisa ningejenga kwa mchoro uliokwisha kupimwa na mtu mwingine: wufa zilezile, twita zilezile, boksi la vipimo vilevile. Paul Carmody wa Marekani na Troels Gravesen wa Denmark wamechapisha michoro mingi. Utajifunza kulehemu, na utakuwa na sauti ya kulinganishia.

Kwa spika ulizonazo, pima. Maikrofoni ya kupimia na programu ya REW, iliyoandikwa na John Mulcahy, zitakuonyesha kila spika inavyoimba ikiwa ndani ya boksi lake, na ndani ya boksi ndipo panapofaa kupimia. Vipimo hivyo unaviingiza kwenye VituixCAD ya Kimmo Saunisto, unabadilisha koili na kapasita kwenye skrini, unaona mstari ukipanda na kushuka kabla hujatoa hata senti. Programu zote mbili unaweza kuzitumia bila malipo. Kaa nazo wiki mbili. Mchoro ukinyooka, geuza nyaya za twita humo kwenye skrini: ukiona shimo refu pale spika zinapokutana, basi zilikuwa zinaimba pamoja vizuri. Zirudishe.

Kisha usilehemu bado. Panga vipande juu ya ubao kwa vibanio vya mamba, boksi moja tu, krosova ikiwa nje. Mwombe mama asome gazeti dakika mbili, mrekodi kwa simu. Cheza rekodi hiyo kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Ikichoma, ongeza kidogo rezista ya mbele ya twita, omu moja kwa wakati. Ikifubaa, punguza. Siku mdogo wako aliye chumba cha pili atakapoitika, “Abee mama,” washa pasi ya kulehemu.